Mistari miwili isikutulize upesi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Sheha, walimu wa skuli hii mliotupa darasa lenu, kina mama wa vikundi vya hisa, na nyinyi kina baba wanne huko nyuma mliojikaza kuja kwenye mkutano ulioandikwa kuwa ni wa wanawake, nawashukuru. Nimeombwa nizungumze nusu saa. Mimi ni mtu wa maabara, na sisi watu wa maabara hatukuzoea kusema. Tunaandika namba kwenye karatasi, karatasi inakwenda kwa daktari, na daktari ndiye anayesema. Nikipotea njia nirudisheni.

Nimekuja na kitu hiki hapa. Walio nyuma hamkioni, lakini umbo lake mnalijua: ni kile kibapa cha plastiki chenye dirisha dogo, kama cha mimba, kama cha malaria, kama kile tulichopimiwa korona. Hiki ni cha madini ya chuma. Kimetoka Uingereza ndani ya begi, pamoja na sabuni na chokoleti, na kilichukuliwa na binti aliyekuja kuwaona wazee wake siku ya Idi. Kule vinauzwa kwenye maduka ya dawa na hata kwenye supamaketi, unanunua kama unavyonunua dawa ya meno. Akamletea mama yake vitatu. Mama yake ni jirani yangu.

Jioni moja bibi huyo akanibishia hodi, uso umemsawijika, kipimo kakishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota jongoo. "Mwanangu, nitazamie. Mistari miwili." Nikamuuliza ana umri gani. Akasema sitini na nne. Nikamwambia, basi mimba tumeshaiondoa. Tukacheka. Lakini hofu yake ilikuwa na sababu, maana kwa vipimo vyote alivyowahi kuviona maisha yake yote, mistari miwili ni habari nzito. Mimba ipo. Malaria ipo. Ugonjwa upo.

Kwenye hiki ni kinyume. Mstari wa pili unatokea pale chuma cha akiba kinapokuwa juu ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, na kwa vipimo vingi vya aina hii kiwango hicho ni mikrogramu 30 kwa lita. Akiba ikiwa chini, mstari wa pili hautokei, unabaki mmoja tu, ule ulioandikwa C. Kwa hiyo mmoja ndiyo upungufu, na miwili ndiyo salama. Na ule wa C nao usipotokea, kipimo kimekufa, kitupe. Najua watu watakaotoka hapa wamekumbuka kitu kimoja tu, basi kiwe hicho. Na hata hicho someni kwenye karatasi yake kwanza, kwa sababu watengenezaji ni wengi na si lazima wote wafanane.

Nikamwambia bibi, hii miwili maana yake chuma unacho. Akashukuru, akafika mlangoni. Kisha nikamuona anavyoshika ukuta kushuka ngazi mbili za baraza yangu, na nikaona nimesema upesi mno. Nitarudi kwake.

Tuanze na jambo tunalolichanganya wote. Ukienda kliniki unaulizwa, "Damu yako ngapi?" Unajibu, kumi na moja, au tisa, au kumi na mbili na nukta mbili. Ile namba ni himoglobini, ule wekundu unaobeba hewa kutoka mapafuni kuipeleka mwilini. Mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani linataka awe na 12 au zaidi, mwanamume 13, mwenye mimba 11, na katikati ya mimba wanakubali ishuke kidogo tena. Hicho ndicho kipimo cha wingi wa damu. Hiki cha Uingereza hakipimi hicho. Kinapima feritini, yaani akiba.

Nyinyi wa vikundi vya hisa mtanielewa haraka kuliko madaktari. Kuna pesa iliyoko mkononi, ya kununulia samaki leo, na kuna pesa iliyomo kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Himoglobini ni ya mkononi. Feritini ni ya sanduku. Mambo yakianza kuharibika, unakula kama kawaida, watoto wanavaa kama kawaida, jirani haoni kitu, ila kila wiki unachota sandukuni kidogo. Siku sanduku linapobaki tupu ndiyo sufuria inaanza kupungua. Mwanamke anaweza kuwa na damu 12 na nusu, kliniki wakamwambia uko vizuri nenda nyumbani, na sanduku lake lina mavumbi. Anachoka. Nywele zinatoka. Akipanda ngazi moyo unampiga. Anaambiwa ana mawazo.

Chuma chote kilicho ndani ya mtu mzima ni kama gramu 3 au 4, uzito wa msumari mdogo, na karibu theluthi mbili zake zimo kwenye himoglobini. Chembe nyekundu inaishi kiasi cha siku 120, ikifa mwili unakiokota kile chuma na kukitumia tena, haupotezi hovyo. Kwa siku tunapoteza miligramu moja hivi tu. Ndiyo maana mwanamume mzima mwenye afya hana haraka ya kuishiwa. Lakini mwanamke anayetokwa na damu nyingi kila mwezi, anayebeba mimba mwaka huu na kunyonyesha mwaka ujao, anachota kuliko anavyoweka, na hesabu ya hapo haihitaji mwalimu.

Kwetu hapa Pemba tuna mchotaji mwingine, na Kiswahili kilimpa jina kabla maabara hazijafika: safura. Wazee walimwona mtu amekuwa rangi ya manjano, amevimba miguu, hana nguvu ya kupanda mkarafuu, wakasema ana safura. Ni minyoo midogo inayoingia kwa kutoboa ngozi ya nyayo, kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na choo, kisha inakwenda kujishikiza ndani ya utumbo na kunywa damu, tone kwa tone, miaka. Watafiti walipowachunguza watoto wa skuli za Pemba miaka ya 1990, waliikuta safura ndiyo sababu kubwa ya watoto wale kukosa chuma. Ndiyo maana ya zile dawa za minyoo zinazogawiwa skuli, ambazo watoto wengine huzificha shavuni. Ongezeni kichocho, ambacho humfanya mtoto akakojoa damu akadhani amekuwa mkubwa.

Sasa mtu atasema: ikiwa wengi hawana chuma, kupima kwa nini? Si tugawe vidonge kwa kila mtu tumalize?

Jibu la swali hilo lilipatikana hapahapa kisiwani, na linanisikitisha kwamba wanalijua zaidi wanafunzi wa Ulaya kuliko sisi. Mwaka 2002 ulianza hapa Pemba utafiti mkubwa wa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35. Waliingia watoto zaidi ya 24,000. Huenda wamo vijana humu ndani walikuwa miongoni mwao, na mama zao wanakumbuka vile vidonge vya kila siku. Wengine walipewa chuma na foliki asidi, wengine chuma na foliki pamoja na zinki, wengine kidonge kitupu, na hakuna aliyejua mwenziwe anapewa nini. Nia ilikuwa njema kabisa. Agosti 2003 upande wa chuma ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Waliokuwa wakipewa chuma walikuwa wanalazwa hospitali na kufa zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 hesabu ilikuwa asilimia 12 zaidi kwa kufa au kulazwa. Wakati ule malaria ilikuwa imejaa hapa.

Ila kulikuwa na kundi dogo ndani ya utafiti uleule, ambalo watoto wake walipimwa damu mwanzoni na walipougua walitibiwa malaria kwa karibu zaidi. Humo, wale waliokuwa kweli wamepungukiwa chuma na damu, chuma kiliwafaa. Waliugua kidogo kuliko wenzao wasiopewa. Kidonge ni kilekile, kisiwa ni kilekile. Tangu hapo miongozo ya dunia haiwatajii watoto wa sehemu zenye malaria vidonge vya chuma bila kutaja na kinga na tiba ya malaria. Malaria leo Zanzibar imepungua mno, tumshukuru Mungu na wale waliopita nyumba kwa nyumba na dawa ya mbu. Lakini mimi kila nikimwona mama anamkamulia mwanawe dawa ya kuongeza damu aliyoinunua dukani kwa sababu "mtoto amepauka", nakumbuka 2003. Chuma si vitamini ya kuchezea. Na vidonge vyako mwenyewe viweke juu, vifungwe. Vinafanana na peremende, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Kwa hiyo kupima ni lazima, na kipimo cha nyumbani nakipenda kwa sababu hiyo. Wapo wenzangu wanaokidharau. Mimi sikidharau, ninachotaka ni kijulikane kinadanganya wapi.

Nirudi kwa jirani yangu. Bibi yule ana baridi yabisi ya miaka mingi. Magoti yamevimba, vidole vimejikunja, asubuhi hafungui mkono. Mwili ukiwa na uvimbe kama huo, au homa, au kifua, au kidonda kisichopona, huwa unajiona umeingiliwa na wezi. Wadudu wa maradhi wanakipenda chuma, ndicho chakula chao. Basi ini linatoa homoni inaitwa hepsidini, na kazi yake ni kufunga milango: chuma kisitoke stoo, na kinachokuja na chakula kisiingie. Mnakumbuka enzi za magendo ya karafuu? Askari wakiwa wengi njiani, watu wanafungia karafuu ndani. Ukihesabu magunia stoo utasema kisiwa hiki kina mali, na sokoni hupati hata kilo. Feritini ni kuhesabu magunia ya stoo. Kwa mgonjwa inapanda, kipimo kinaleta mistari miwili, na mtu huyo uboho wake, kile kiwanda cha damu ndani ya mfupa, unalia njaa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020 kwa hesabu hiyohiyo. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, feritini chini ya 15 ndiyo upungufu. Kwa aliye na maambukizi au uvimbe mwilini, wakapandisha mpaka 70. Sasa tazameni kile kibapa kilichotegewa 30. Bibi mwenye feritini 45 na magoti yake yale, kitamwambia uko salama, na kwa mwongozo ule hayuko salama.

Asubuhi yake nilimpeleka nikampima wingi wa damu. Tisa na nukta nne. Yuko kwa daktari sasa, na yaliyoonekana huko ni yake yeye na daktari wake.

Mimi nimejiwekea kanuni, na ninaitoa kwenu kama kanuni yangu, si sheria ya Wizara. Kipimo hiki kikisema chuma huna, kiamini, kwa maana feritini haishuki kwa jambo jingine la kawaida zaidi ya akiba kuisha. Kikisema unacho, kiulize: je, nilikuwa na homa wiki mbili hizi? Nina uvimbe? Nina kikohozi? Kama ndiyo, jibu lile liweke pembeni, usubiri upone upime tena, au nenda kapimwe na wingi wa damu.

Tuje kwenye kidole chenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kumkamua mama mjamzito kidole kama ninayekamua ndimu, kwa sababu damu haikutoka vizuri na foleni ilikuwa ndefu. Nikapata nane. Wakaanza kumwandalia rufaa. Mkuu wangu, mwanamke mkali, Mungu amrehemu, akatazama kile kidole kilivyokuwa cheupe, akachukua damu ya mshipani, ikaja kumi na moja kasoro kidogo. Ukikamua kwa nguvu unatoa maji ya nyama pamoja na damu, unaipunguza nguvu. Sikurudia.

Basi osha mikono kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ikauke kabisa, ining'inize chini kidogo. Kidole cha kati au cha pete, cha mkono usioutumia sana. Toboa pembeni ya ncha, si katikati, kwani katikati ndipo penye maumivu na ndipo unapokunia nazi kesho. Tone la kwanza lifute kwa pamba kavu, tumia la pili. Likigoma, chua mkono kutoka kiganjani kuja kwenye kidole, taratibu, usibinye ncha. Kitobolea ni cha mtu mmoja na mara moja. Mama na binti wasichangie, homa ya ini na virusi vya UKIMWI havijui undugu. Kikishatumika kiingie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, kisiende jaani walipo watoto.

Ile bahasha ya rangi ya fedha yenye kipimo ndani msiifungue mpaka kila kitu kiko tayari, hewa yetu ya pwani ina unyevu na unyevu unakiua kipimo. Vingi vimeandikwa vikae chini ya nyuzi 30. Chini ya bati, mwezi wa Februari, kwenye kabati la nguo? Mnajua wenyewe. Kiwekeni mahali penye kivuli na ubaridi, na mtazame tarehe. Kisha dakika: kama karatasi imesema kumi, soma kwenye kumi. Mstari uliokuja baada ya nusu saa, ulipokwenda kuepua wali, hauhesabiki. Mstari hafifu uliokuja kwa wakati wake, huo ni mstari.

Sasa umepata mmoja. Fanya nini?

Usikimbilie rozela. Najua nitaudhi watu. Rozela ni nyekundu, biti ni nyekundu, na watu tunadhani chekundu kinaingia mwilini kinakuwa damu. Rangi si chuma. Kunyweni, ni tamu, lakini chuma kiko kwenye maini, nyama, dagaa, na wale chaza wanaookotwa maji yakitoka, ambao tunawauzia wageni. Maharage na mchicha navyo vinacho, ila mwili unakipata kwa shida, kwa hiyo kamulia ndimu. Na chai, jamani. Chai ya rangi iliyokolea pamoja na chakula inakizuia chuma. Sisemi muache chai, nani atanisikiliza? Isogezeni saa moja au mbili baada ya kula.

Na udongo. Hapa nitapunguza sauti. Kule bara wanauita udongo huo kwa jina la kisiwa chetu, pemba, unauzwa sokoni kwa mafungu, na wanawake wengi wenye mimba wanaula kwa siri. Mwenye hamu ya udongo, au ya kutafuna barafu mchana kutwa, au mchele mbichi, mara nyingi chuma chake kiko chini. Asichekwe. Apimwe. Hamu hiyo inaweza kumjulisha mapema kuliko kibapa hiki.

Ukiwa na mimba, usipitie dukani, nenda kliniki, vidonge vya chuma na foliki vipo na vina utaratibu wake. Kwa wengine, daktari akikuandikia, jueni kwamba choo kitakuwa cheusi na si ugonjwa. Vikikusokota tumbo mwambie, msivitupe kimyakimya. Utafiti uliofanyika Uswisi na kuchapishwa 2017 ulionyesha kuwa kwa wanawake wenye akiba ndogo, kumeza siku moja na kuacha siku moja mwili ulifyonza vizuri zaidi kuliko kila siku, kwa sababu ya ileile hepsidini kufunga mlango baada ya kila kidonge. Ulizeni kama inawafaa. Damu ikipanda, msiache hapo; mwendelee kama miezi mitatu ili sanduku nalo lijae, la sivyo mtarudi mlipokuwa. Na ambaye ana siko seli au talasemia, yale maradhi ya damu ya kurithi, katika familia asianze chuma bila kuonana na daktari, maana upungufu wake wa damu unaweza kuwa hauna uhusiano na chuma hata kidogo.

Kina baba wanne, msidhani nimewasahau. Mwanamume akipata mstari mmoja, au mwanamke ambaye hedhi imeshakoma, hilo si jambo la maini na ndimu. Nyinyi hamna pa kupotezea damu kila mwezi. Ikiwa sanduku ni tupu, kuna mahali panavuja: vidonda vya tumbo, zile dawa za maumivu mnazotafuna baada ya kubeba magunia, safura, au uvimbe ndani ya utumbo ambao unatibika ukionekana mapema. Huyo aende hospitali na kibapa chake mkononi, wiki hiyohiyo.

Nusu saa yangu naona imekwisha, Bwana Sheha ameshatazama saa mara mbili. Vibapa ninavyo viwili tu, vya jirani yangu, amevitoa mwenyewe vitumike hapa. Lakini ile meza ya dirishani ina mashine ya kupima wingi wa damu na vitobolea vipya arobaini. Mwalimu mkuu aliniahidi kuwa ataanza yeye ili watu wasiogope. Karibu, mwalimu. Mkono wa kushoto. Usiutazame kama unakutisha, tazama ile mikarafuu nje.